McGrath, Lee au Starc: ni mrushaji yupi wa Australia wa kumsoma katika kriketi ya ova chache?

Mtu anayejifunza kurusha mpira wa kasi, kama alivyo kocha anayemnoa, hufika mahali akalazimika kuchagua mchezaji mmoja wa kumtazama kwa makini, kwa kuwa mitindo mitatu haiwezi kuingia katika mwili mmoja kwa wakati mmoja. Anayegeukia Australia kutafuta mfano huo hukuta majina mengi, lakini katika kriketi ya ova chache (ova ni zamu ya mipira sita ya mrushaji mmoja) mjadala huishia kwa watatu: Glenn McGrath, Brett Lee na Mitchell Starc. Wote wanatoka jimbo la New South Wales, wote wametwaa Kombe la Dunia la ova 50, na wote walikuwa watu wa kukabidhiwa mpira mpya, ule wa kuanzia mechi. Zaidi ya hapo hawafanani sana, na ndiyo maana uchaguzi husumbua.

Ulinganisho huu haumtafuti aliye bora kuliko wenzake. Unauliza swali finyu zaidi. Mrushaji wa mechi ya ova 50, iitwayo pia mechi ya siku moja, hupewa mipira 60 tu, na wa mechi ya ova 20 hupewa 24. Kila mmoja wa hawa aliitumiaje mipira yake, na matumizi hayo yanamfaa mtu wa aina gani?

Vigezo

Nimewapima kwa mambo haya: namna wanavyorusha na kile ambacho namna hiyo inaudai mwili, walivyoutumia mpira mpya, walivyozikabili ova za mwisho, walivyocheza katika mashindano makubwa, takwimu zao zikisomwa pamoja na kanuni za zama zao, na urefu wa safari zao, pamoja na mchezo wa ova 20. Mechi za Testi, zile za hadi siku tano, nimeziacha nje kwa makusudi, kwa sababu McGrath akiingizwa huko na wiketi zake 563 (wiketi ni mpigaji mmoja aliyeondolewa) mjadala mzima huelemea upande mmoja, na msomaji anayejiandaa kwa mechi ya siku moja hapati anachokitafuta.

Namna ya kurusha

McGrath alizaliwa Dubbo mwaka 1970 na kukulia Narromine, mji mdogo wa wakulima. Alikuwa mrefu, akizidi mita 1.9, lakini hakuwa na kasi ya kutisha. Kwa kawaida mipira yake ilikwenda kilomita 130 kwa saa au zaidi kidogo. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kuutua mpira pale pale, ova baada ya ova, katika urefu ambao mpigaji hajui asogee mbele au arudi nyuma, ukilenga ncha ya kijiti cha upande wa nje kati ya vitatu vilivyo nyuma ya mpigaji. Mshono ulisimama wima, na mpira ulipogusa ardhi ulisogea kidogo tu, lakini kidogo hicho kilitosha kulikosesha gongo katikati yake na kuugusisha mpira ukingoni. Mbio zake za kuanzia zilikuwa fupi na tulivu, na mwili wake haukupindika sana wakati wa kuachia. Ni mtindo unaodai akili na subira kuliko misuli.

Lee, aliyezaliwa Wollongong mwaka 1976, alikuja na jambo jingine kabisa. Alikimbia kutoka mbali kwa hatua zinazozidi kuongezeka, akaruka, akauachia mpira kwa kasi iliyovuka kilomita 150 kwa saa mara nyingi. Mwaka 2005 huko Napier, dhidi ya New Zealand, mpira wake mmoja ulipimwa kuwa na kasi ya kilomita 161.1 kwa saa. Namba hiyo imemfanyia Lee jambo zuri na jambo baya: watu wanaikumbuka, lakini wanasahau kwamba alikuwa na mpira wa polepole uliofichika vizuri, na kwamba mpira wake uliotua miguuni pa mpigaji ulikuwa hatari hata pale kasi ilipopungua. Binafsi naona vipimo vya kasi vimewapotosha vijana wengi, ambao huhangaikia namba ya kwenye skrini kabla hawajaweza kuipata sehemu moja ya pichi mara mbili mfululizo.

Starc, mzaliwa wa Sydney mwaka 1990, anarusha kwa mkono wa kushoto, na hilo peke yake hubadilisha hesabu ya mpigaji. Mpira wake huanzia pembeni, huelekea kana kwamba unapita nje, kisha hupinda kuingia ndani dakika ya mwisho, kwa mpigaji wa mkono wa kulia, ukilenga vidole vya miguu au chini ya vijiti. Ana urefu wa McGrath na kasi inayokaribia ya Lee. Utotoni alikuwa mdakaji wa nyuma ya vijiti, na aligeuzwa kuwa mrushaji akiwa tayari kijana wa kubalehe. Wazazi wanaodhani mtoto wa miaka 13 ameshachelewa wanaweza kutulia.

Mpira mpya

Hapa ndipo watatu hawa wanapokaribiana, na ndipo penye mafunzo ya haraka zaidi kwa mwanafunzi.

McGrath aliutumia mpira mpya kumnyima mpigaji mikimbio, yaani pointi, hadi akose uvumilivu. Katika Kombe la Dunia la 1999, uwanjani Old Trafford, aliwaondoa West Indies watano kwa mikimbio 14, na miongoni mwao alikuwemo Brian Lara, ambaye mpira uliomtoa ulimpita na kugonga kijiti cha nje bila yeye kufanya kosa lolote kubwa. Huo ndio mpira wa kuonyeshwa darasani: hauna maajabu ya kasi wala ya kupinda, ila umetua mahali sahihi na kusogea inavyotakiwa.

Lee aliutumia mpira mpya kutia hofu. Mechi iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni ile ya Durban, tarehe 15 Machi 2003, Australia ikicheza na Kenya katika hatua ya Super Six, ya timu sita zilizovuka makundi. Lee alimwondoa Kennedy Otieno, kisha Brijal Patel, kisha David Obuya, mipira mitatu mfululizo, na Kenya ikawa imepoteza wiketi tatu ikiwa na mikimbio mitatu. Alikuwa Mwaustralia wa kwanza kupata wiketi tatu kwa mipira mitatu katika Kombe la Dunia. Lakini anayeitazama mechi hiyo asizime baada ya ova za Lee. Kenya ilijikongoja hadi 174, na katika nusu ya pili Asif Karim wa Mombasa, mrushaji wa polepole aliyekuwa tayari amestaafu kabla ya kuitwa tena, alirusha ova 8.2, sita kati yake bila kutoa mkimbio, akachukua wiketi tatu kwa mikimbio saba na kutajwa mchezaji bora wa mechi. Australia ilishinda kwa wiketi tano, ila mchana ule mipira ya kasi kubwa kuliko yote na mipira ya utulivu kuliko yote iliheshimika sawasawa.

Starc hauchukulii mpira mpya kama kitu cha kuanzia taratibu. Katika fainali ya 2015 mjini Melbourne, alimng'olea Brendon McCullum vijiti katika ova ya kwanza kabisa, nahodha huyo wa New Zealand akiwa hajapata hata mkimbio mmoja, na mashindano yote ambayo McCullum alikuwa ameyatawala kwa kupiga tangu mpira wa kwanza yakaishia pale. Gharama ya njia hiyo ni kwamba mpira unaorushwa mbele ili upinde ndio huo huo unaopigwa kwa urahisi usipopinda. Nahodha anayempanga Starc hukubali mikimbio michache ya mapema akitarajia wiketi.

Ova za mwisho

Kigezo hiki kina tofauti kubwa zaidi, na kwa bahati mbaya ndicho ambacho wanaomtukuza McGrath hukipita haraka. McGrath hakuwa dhaifu mwishoni mwa mechi; usahihi wake ulimwezesha kupata miguu ya mpigaji alipotaka. Hata hivyo kazi yake kubwa ilikuwa imefanyika mapema, na katika zama zake timu iliyofikisha 250 ilijiona salama. Anayetafuta somo la ova ya 48 huku mpigaji akipiga kila mpira nje ya uwanja hatalipata kwa wingi katika mechi za McGrath.

Kwa Lee atalipata. Mpira mmoja wa zamani, uliochakaa upande mmoja na kung'arishwa upande mwingine, ulipinda kinyume na mpira mpya unavyopinda, na mikononi mwake ulifanya hivyo kwa kasi ambayo wapigaji wa mwisho hawakuiweza. Kati ya hao watatu, yeye ndiye aliyebadilisha kasi kwa ustadi zaidi: mkono ulizunguka vilevile, uso ulikuwa uleule, lakini mpira ulichelewa.

Starc ndiye ambaye mpira wake wa miguuni umekuwa mfano wa kizazi chake. Tarehe 25 Juni 2019 pale Lord's, Ben Stokes alikuwa na mikimbio 89 na England ilikuwa bado inamtegemea. Starc aliupeleka mpira chini ya gongo lake kwa kasi na pembe ambayo Stokes, mpigaji wa mkono wa kushoto, hakuweza kuifikia, na alipogeuka kijiti kilikuwa kimeshang'oka. Stokes aliliachia gongo lianguke na kulipiga teke. Ugumu wa somo hili ni kwamba haliigiki kirahisi. Mpira wa miguuni ukikosea kwa nusu hatua huwa zawadi kwa mpigaji, na Starc mwenyewe amelipia makosa hayo, kama tutakavyoona.

Mashindano makubwa

Mtu akitaka kufahamu mrushaji wa ova chache, asome Kombe la Dunia lake kabla ya kitu kingine, kwa sababu huko ndiko wapinzani, viwanja na shinikizo hubadilika kila baada ya siku chache.

McGrath alicheza manne. Mwaka 1996 alikuwa katika timu iliyofungwa na Sri Lanka kwenye fainali ya Lahore. 1999, 2003 na 2007 alirudi na kombe. Wiketi zake 71 katika mashindano hayo ni rekodi. Mwaka 2003 huko Potchefstroom aliiondoa Namibia kwa wiketi saba kwa mikimbio 15, Namibia ikiishia 45, na katika fainali ya Johannesburg dhidi ya India alimtoa Sachin Tendulkar ndani ya ova ya kwanza kwa kuudaka mpira yeye mwenyewe. Lakini somo kubwa zaidi ni la 2007 katika visiwa vya Karibi. Alikuwa na miaka 37, kasi ilikuwa imepungua kiasi kwamba hakuanza tena na mpira mpya, na wengi walikuwa wameshamzika. Alichukua wiketi 26, nyingi kuliko mtu yeyote katika mashindano hayo, akatajwa mchezaji bora, na akastaafu siku ya fainali. Anayeamini kwamba kasi ikiondoka mrushaji amekwisha angeanza kusoma hapo.

Lee ana hadithi iliyokatika. Mwaka 2003 alichukua wiketi 22, zikiwemo tano kwa mikimbio 42 dhidi ya New Zealand mjini Port Elizabeth, mechi ambayo Australia ilikuwa imefunga mikimbio michache na ilihitaji kuokolewa na warushaji. New Zealand iliondolewa kwa 112. Mwaka 2007, akiwa katika kilele cha ujuzi wake, aliumia kifundo cha mguu na kuyakosa mashindano yote. Mwaka 2011 alirudi na kuchukua wiketi 13, Australia ikitolewa na India katika robo fainali. Haki inataka tuseme kwamba wingi wake mdogo katika jedwali la Kombe la Dunia ni suala la kifundo cha mguu kuliko la uwezo.

Starc amefanya mambo ambayo wengine wawili hawakuyafanya katika mashindano moja moja. Mwaka 2015 wiketi zake 22 zilimgharimu mikimbio kumi na kidogo kila moja, akawa mchezaji bora wa mashindano. Mechi ya kuitafuta ni ile ya Auckland ya hatua ya makundi: Australia iliondolewa kwa 151, Starc akachukua wiketi sita kwa mikimbio 28, na New Zealand ikashinda kwa wiketi moja tu iliyobaki. Mwaka 2019 alifikisha wiketi 27, akiipita rekodi ya McGrath ya 2007 kwa moja. Hata hivyo katika nusu fainali dhidi ya England alipigwa mikimbio 70 katika ova tisa. Mwaka 2023 nchini India alianza vibaya na kuonekana kuchoka, kisha akachukua wiketi tatu katika nusu fainali dhidi ya Afrika Kusini na tatu nyingine katika fainali ya Ahmedabad. Kupanda na kushuka huko si kasoro ya kuficha. Ni sehemu ya mtindo wa mtu anayetafuta wiketi kwa kila mpira, na anayeutaka mtindo huo auchukue na siku zake mbaya.

Takwimu na zama zake

Kwa jumla ya wiketi za siku moja, McGrath ana 381 katika mechi 250 na Lee 380 katika mechi 221. Pengo hilo la wiketi moja lina kisa chake: wiketi moja ya McGrath aliipata mwaka 2005 akiichezea timu ya Dunia katika mechi ya hisani kwa waathirika wa tsunami, hivyo kwa jezi ya Australia wote wawili wana 380. Starc amevuka 240 katika mechi chache zaidi, kwa kuwa timu ya taifa imempumzisha mara nyingi kwa ajili ya Testi. Ndiye aliyefikisha wiketi 200 kwa mechi chache kuliko mtu yeyote kabla yake, katika mechi yake ya 102, mwaka 2022.

Tukiangalia mikimbio kwa kila ova, McGrath alitoa 3.88, Lee 4.76, na Starc amezidi 5. Hapa wengi huteleza. Kuzilinganisha namba hizo moja kwa moja ni kama kulinganisha bei ya sukari ya 1998 na ya leo bila kuuliza shilingi ilikuwa na thamani gani. Tangu Oktoba 2011 mechi za siku moja zilianza kutumia mipira miwili mipya, mmoja kila upande, kwa hiyo mpira haukuchakaa vya kutosha kupinda kinyume mwishoni, silaha ambayo Lee aliitegemea. Tangu mwaka 2012 idadi ya wachezaji wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara la katikati ya uwanja ilipunguzwa kwa sehemu kubwa ya mechi. Wapigaji nao, waliolelewa na mchezo wa ova 20, hawauogopi tena mpira wa kwanza. McGrath na Lee walicheza pamoja kwa miaka mingi, hivyo tofauti kati yao wawili ni ya haki zaidi: Lee alitoa karibu mkimbio mmoja zaidi kwa kila ova, lakini alipata wiketi kila baada ya mipira 29.4, McGrath akihitaji 34. Starc huhitaji takriban 27. Namba hii ya mipira kwa wiketi huvumilia mabadiliko ya kanuni vizuri kuliko ile ya mikimbio kwa ova, ingawa nayo si kamilifu, kwa kuwa wapigaji wa leo hujihatarisha zaidi na hivyo hutoka mapema.

Mwaka 2025 kanuni ilibadilika tena: baada ya ova ya 34 timu inayorusha huchagua mpira mmoja kati ya ile miwili na kuendelea nao hadi mwisho. Kwa hiyo ujuzi wa Lee wa mpira mkuukuu, ambao ulionekana kama kumbukumbu ya kale, una matumizi tena.

Mwili, na mchezo wa ova 20

McGrath aliichezea Australia mechi za siku moja kuanzia Desemba 1993 hadi Aprili 2007, na mwaka 2006 alikaa nje kwa miezi kadhaa ili kuwa na mkewe aliyekuwa akiugua saratani. Mtindo wake haukuutesa mwili kupita kiasi. Lee alianza kuumia mgongo angali kijana, akavunjika kiwiko, akafanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu, na kila mara akarudi na kasi yake. Aliacha Testi mwaka 2010 ili kurefusha maisha yake ya ova chache na kustaafu kriketi ya kimataifa mwaka 2012. Starc alichagua njia ya tatu: baada ya msimu wa 2015 hakucheza tena IPL, ligi ya India ya ova 20, hadi mwaka 2024, akiukataa utajiri wa wazi ili mwili wake ubaki kwa timu ya taifa.

Katika ova 20, McGrath ana mechi mbili tu za kimataifa. Ile ya kwanza, Auckland mwaka 2005, hukumbukwa zaidi kwa mzaha wake wa kujifanya anataka kuuviringisha mpira chini, mwamuzi Billy Bowden akamwonyesha kadi nyekundu. Msimu mmoja aliocheza IPL akiwa na Delhi mwaka 2008, akiwa na miaka 38, ulionyesha kwamba usahihi unafanya kazi hata katika mchezo huo, ila ushahidi wenyewe ni mdogo. Lee alikuwa mtu wa kwanza kupata wiketi tatu kwa mipira mitatu katika mechi za kimataifa za ova 20 za wanaume, dhidi ya Bangladesh mjini Cape Town mwaka 2007, akatwaa IPL na Kolkata mwaka 2012, na akaufunga mchezo wake katika fainali ya ligi ya Australia Januari 2015, ambapo alichukua wiketi mbili mfululizo katika ova ya mwisho na bado timu yake ikashindwa kwa mpira wa mwisho. Starc ana pande zote mbili za sarafu. Katika fainali ya Kombe la Dunia la ova 20 mjini Dubai mwaka 2021 alipigwa mikimbio 60 katika ova nne bila wiketi, ingawa Australia ilitwaa kombe; na mwaka 2024, baada ya Kolkata kumnunua kwa rupia milioni 247.5, bei ambayo ilikuwa haijawahi kulipwa, alianza msimu akipigwa hovyo na kuumaliza akiwa mchezaji bora wa fainali.

Nani anakufaa?

Ikiwa una umri wa miaka 12 hadi 16, mwili bado unakua na hujui kasi yako itaishia wapi, anza na McGrath. Makosa utakayoyafanya ukimwiga hayatakuvunja mgongo, na usahihi utakaoupata hautapotea hata ukija kuwa na kasi kubwa baadaye. Ushauri huo unamhusu pia mtu mzima anayecheza klabu mwishoni mwa wiki: mechi za 2007 zitamsaidia kuliko video yoyote ya kasi.

Ikiwa kasi unayo tayari, na kocha wako anathibitisha kwamba kiuno na goti lako vinaihimili, Lee ni mwalimu mzuri zaidi, mradi usiishie kwenye mbio zake. Mtazame jinsi anavyouficha mpira wa polepole na jinsi anavyopanga ova nzima. Soma pia orodha ya majeraha yake kwa uzito uleule, maana kupumzika ni sehemu ya mtindo wake hata kama yeye hakupenda iwe hivyo. Lee anamfaa vilevile mchezaji anayetakiwa kuchangia kwa gongo katika nafasi ya nane. Alifunga zaidi ya mikimbio 1,000 katika mechi za siku moja, jambo ambalo wengine huliona dogo hadi siku ambayo mechi inahitaji mikimbio 20.

Ikiwa unarusha kwa mkono wa kushoto, jibu la haraka ni Starc, lakini lina sharti. Pembe yake unaweza kuiga. Kasi na urefu wake pengine huwezi. Mwenye mkono wa kushoto asiye na kasi hiyo angenufaika zaidi kumtafuta Nathan Bracken, aliyechukua wiketi 174 za siku moja kwa kupindisha mpira na kubadilisha kasi, na aliwahi kushika nafasi ya kwanza katika orodha ya ICC, shirikisho la kriketi duniani, ya warushaji wa mechi hizo. Bracken hasemwi sana, na nadhani hilo si haki.

Ikiwa wewe ni nahodha au kocha unayetafuta namna ya kumtumia mrushaji uliyenaye, jiulize kwanza timu yako inapoteza mechi wapi. Inayopigwa sana katika ova za mwanzo inahitaji mtu wa kufuata njia ya McGrath. Isiyoweza kuwaondoa wapigaji waliokwisha kutulia inahitaji Lee au Starc, na lazima nahodha akubali mbele ya wenzake kwamba mtu huyo ataruhusiwa kutoa mikimbio bila kulaumiwa. Bila makubaliano hayo, mrushaji wa aina ya Starc huanza kurusha kwa woga, na hapo hutoa mikimbio na wiketi hapati.

Na ikiwa wewe ni mtazamaji tu, unayetaka kumfuata mtu ambaye safari yake haijaisha, amebaki mmoja. Starc aliacha mechi za kimataifa za ova 20 Septemba 2025 akisema anataka kujitunza kwa ajili ya Testi na Kombe la Dunia la ova 50 la 2027, ambalo litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, kwa saa za televisheni ambazo hazitamkosesha usingizi mtu wa Nairobi wala wa Dar es Salaam. Akifika huko atakuwa na miaka 37, na wiketi zake za Kombe la Dunia, ambazo sasa ni 65, zitakuwa saba tu nyuma ya zile atakazozihitaji ili kumpita McGrath.